Pensheni ya pauni na kibanja cha Muleba

KILA Desemba ndege za Bukoba hujaa, na mabasi ya Dar es Salaam huteremsha abiria Muleba, Kamachumu na Bukoba mjini wakiwa na mizigo ya Krismasi. Miongoni mwao wamo wana Kagera waliokwenda Uingereza na Marekani miaka ya 1980 na 1990, wakafanya kazi kwenye hospitali, viwanda na nyumba za kutunzia wazee, na sasa umri wa kustaafu umewafikia. Baada ya wiki mbili za ndizi na senene, wengi huanza kupiga hesabu moja: nyumbani chakula kinatoka shambani na nyumba haina kodi, ya nini kuendelea kulipia chumba London?

Hesabu hiyo si ya kubezwa. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025, pensheni kamili ya Serikali ya Uingereza chini ya mfumo mpya ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, yaani karibu pauni 1,000 kwa mwezi. Ukizibadilisha zinazidi Sh milioni tatu. Katika kijiji cha Muleba, mstaafu mwenye fedha hizo anaweza kumlipa kibarua, kununua ng'ombe wa maziwa na bado akabakiwa na akiba.

Lakini iko kasoro ambayo huzungumzwa mara chache mezani siku ya Krismasi. Uingereza huongeza pensheni hiyo kila mwaka kwa mstaafu anayeishi nchini humo, katika nchi za Umoja wa Ulaya na katika nchi chache zenye makubaliano nayo, kama Marekani na Jamaica. Tanzania haimo. Mtu aliyeanza kulipwa pensheni kamili mwaka 2016 na kuhamia Muleba mwaka huohuo alianza na pauni 155.65 kwa wiki, na kiwango chake kikagandishwa hapo. Mwenzake aliyebaki London alikuwa akipata pauni 230.25 ilipofika mwaka 2025. Tofauti ni karibu pauni 3,900 kwa mwaka, na huzidi kupanuka kila Aprili. Zaidi ya hayo, kiwango kamili huhitaji miaka 35 ya michango, na aliyechanga chini ya miaka 10 kwa kawaida hapati kitu. Aliyefika huko akiwa na miaka 40 aulize kwanza rekodi yake inasemaje kabla ya kuagiza mabati.

Suala la pili ni ardhi. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza uraia wake wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka kwamba asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa maana hiyo, mtu aliyezaliwa Rubya akachukua pasipoti ya Uingereza, kisheria anaporudi kwenye kibanja cha baba yake anakwenda kustaafu ugenini. Wengi wamekwepa tatizo hilo kwa kujenga kwa jina la kaka au mpwa. Mambo huenda vizuri hadi siku kaka anapofariki, na watoto wake wanaposema nyumba ni ya baba yao. Mwaka 2024 Serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Mwenye nia ya kurudi aende mwenyewe Uhamiaji na ofisi ya ardhi ya wilaya, aonyeshwe kwa maandishi haki yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Neno la shemeji kwenye simu halitoshi.

Kibanja chenyewe nacho si ghala linalojijaza. Wazee wa Bukoba na Muleba walijua kwamba rutuba ya migomba ililetwa kwa mikono: samadi ya ng'ombe na majani yaliyokatwa rweya yakatandazwa shinani. Kibanja kilichoachiwa mtunzaji kwa miaka 30 bila ng'ombe huwa kimechoka, na mnyauko wa migomba ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 umeyamaliza mashamba mengine kabisa. Kuhusu kahawa, bei ya robusta duniani ilipanda mwaka 2024 hadi kiwango ambacho hakikuonekana kwa miongo kadhaa, na waliokuwa wamepa kisogo mibuni wakaikumbuka. Hata hivyo, mche mpya huchukua takriban miaka mitatu kuanza kuzaa. Tena ni busara kumuuliza mtunzaji, kwa upole, kama kahawa iliyo mtini haijakwisha kuuzwa kwa butura.

Afya ndiyo inayostahili kupewa uzito kuliko yote. Muleba ina hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na Bukoba ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa maradhi mazito ya moyo au saratani, safari ni ya Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, ila mgonjwa wa miaka 75 bado ana saa nyingi za barabara mbele yake. Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipii matibabu ya nje ya nchi hiyo. Anayehama Uingereza moja kwa moja naye hupoteza haki ya kawaida ya kutibiwa bure huko.

Anayetaka kurudi ni vema arudi kwanza kwa majaribio, na si Desemba. Aje Machi, akae hadi masika yaishe: aone njia ya kijijini kwake ikiwa tope, alipie dawa zake kwa miezi sita, na aitishe kikao cha ukoo kuhusu mipaka wakati wageni wa Krismasi hawapo. Kama ana nyumba Uingereza, kwa muda huo aipangishe, asiiuze.