Afridi hakupoteza kipaji, wacheni kumsingizia

Kuna wimbo ambao mashabiki wa kriketi wa umri fulani hapa Nairobi hawachoki kuuimba: Shahid Afridi alikuwa na kipaji, lakini alikipoteza kwa kupiga ovyo. Eti angetulia, angekuwa mkubwa. Mimi nakataa. Tena nasema sisi wa mji huu ndio tungekuwa wa mwisho kumwambia atulie.

Kwani alianzia wapi? Hapa hapa. Oktoba 1996 Pakistan walimwita kuziba pengo la Mushtaq Ahmed, yaani aje kurusha, si kupiga. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Kenya, uwanja wa Aga Khan, na gongo hakulishika. Siku mbili baadaye, tarehe 4, pale Nairobi Gymkhana, wakamtuma aingie wa tatu dhidi ya Sri Lanka, mkononi ana gongo la Sachin Tendulkar alilopewa na Waqar Younis. Mipira 37, mikimbio mia. Sita 11. Sanath Jayasuriya, ambaye rekodi ya mipira 48 ilikuwa yake tangu Aprili mwaka huo huo, alirusha ova kumi akachapwa mikimbio 94. Rekodi mpya ilikaa zaidi ya miaka 17, mpaka Corey Anderson alipoivunja siku ya kwanza ya 2014, kwa tofauti ya mpira mmoja tu.

Sasa wenye kitabu watakuletea wastani wake: 23 na ushee katika mechi za siku moja. Ni kweli. Lakini mbona hawakusomei ukurasa wote? Mechi 398, mikimbio zaidi ya 8,000, wiketi 395. Kwa kila mipira mia aliyokabili alipata mikimbio 117, wakati Tendulkar mwenyewe alipata 86. Alipostaafu mechi hizo mwaka 2015 alikuwa na sita 351, na hakuna aliyekuwa amefikisha idadi hiyo. Na Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2009, nusu fainali alipata 51, fainali pale Lord's 54 bila kutolewa. Pakistan wakabeba kombe. Huyo ndiye aliyepoteza kipaji?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Makosa anayo. Mwaka 2010 kule Perth aliuma mpira mbele ya kamera, na huo haukuwa mtindo, ulikuwa udanganyifu, akafungiwa. Umri tulioambiwa, miaka 16, yeye mwenyewe aliukana katika kitabu chake cha 2019. Mlaumuni kwa hayo. Msimlaumu kwa kuruka hatua tatu mbele na kuupeleka mpira juu ya paa, maana hiyo ndiyo kazi aliyotumwa.

Na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo hasa. Kriketi ya Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Kufikia 2014 tulikuwa tumepoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Ugomvi wa viongozi na pesa ulichangia, hilo halina siri. Lakini kuna ugonjwa mwingine wa kimyakimya: kudhani kriketi ni adabu kwanza, mchezo baadaye. Kiwiko juu. Viatu vyeupe. Subiri zamu yako. Mtoto wa Mountain View au Kangemi anayepiga mpira wa tenisi kwa ubao wa kitanda hana kiwiko cha kitabuni, ana macho na mikono tu. Ukimpeleka klabu, jambo la kwanza ni kumnyoosha. La pili ni kumuuliza ada.

Muulizeni Collins Obuya kama mchezaji hukaa pale alipopangiwa. Mwaka 2003, Gymkhana hiyo hiyo, aliwaangusha Sri Lanka kwa wiketi tano kama mrushaji. Miaka minane baadaye, Bangalore, aliwakabili Australia kama mpiga, akabaki na 98 bila kutolewa. Kitabu gani kilimpangia hivyo?

Nahodha wa Pakistan siku ile ya 1996 hakuwa mganga. Alimwona kijana akipiga kwa nguvu mazoezini, akasema aende. Uamuzi wa dakika moja. Makocha wetu nao wanaweza kuufanya, wala hauhitaji mfadhili. Ukitoka Mountain View unapanda matatu ya Waiyaki Way, unashuka Museum Hill, unatembea mpaka Gymkhana. Si mbali. Kilicho mbali ni lile geti.

Lifungueni. Halafu mtoto akiingia na ubao wake, mwacheni apige kwanza. Kiwiko tutakizungumzia baadaye, kama bado kuna haja.