Siri ya Marehemu Si Mila Yetu

Kuna namna ya filamu za televisio zinazotoka Ujerumani, zenye kugeuzwa kwa Kifaransa, ambazo mama wengi wanazipenda. Mambo yake karibu kila mara ni mamoja. Bwana anakufa. Bibi yake anafungua kabati, anakuta barua, ao picha, ao karatasi za nyumba iliyo katika inchi nyingine. Anapanda ndege, anafika kule, anakuta mwanamke mwingine, mtoto mkubwa mwenye sura ya bwana wake, na maisha mazima ambayo hakuambiwa hata siku moja. Watu wanalia, wanagombana, na kisha saa moja na nusu wamekwisha kupatana.

Kuna wazee wanaokasirikia filamu hizo. Wanasema: «Ile ni mambo ya Wazungu, inafundisha wabibi kuchunguza mifuko ya wabwana.» Wanaongeza kwamba kwetu mwanaume kuwa na nyumba ya pili ni desturi ya mababu, na kwamba mwanamke mwenye adabu hatafuti kujua. Sisi, katika kurasa hizi zinazosema juu ya mila, tunakataa maneno hayo mawili. Siri ile si ya Wazungu peke yao. Na desturi ya mababu haikuwa siri.

Mjane wa Bukavu hana lazima ya kupanda ndege. Inchi ya kigeni iko mbele ya macho yake: ukivuka daraja la Ruzizi kwa miguu, uko Rwanda, na Kamembe iko juu pale. Ukishuka bondeni hadi Uvira, Bujumbura si mbali. Wabwana wanafanya biashara kule. Wengine wanafuata zahabu Kamituga, wengine wanafika mpaka Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa. Wanakaa wiki, wanakaa miezi. Neno lenyewe tunalo, kila mtu analijua: deuxième bureau, ni kusema ofisi ya pili. Watoto wanaozaliwa huko tunawaita watoto wa inje, kama vile wamezaliwa barazani, wakinyeshewa na mvua.

Tofauti na filamu ni hii: kule mjane ndiye anaifuata siri. Kwetu siri ndiyo inamfuata mjane, katikati ya kilio, watu wakiwa wameketi chini ya hema. Mwanamke anaingia na watoto wawili, anawasimamisha mbele ya sanduku, na mtu fulani wa jamaa ya marehemu, aliyejua mambo yote tangu miaka kumi, anainamisha macho. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Sasa tuangalie hiyo inayoitwa mila. Ni kweli, katika Bushi ya zamani mwanaume mwenye mali aliweza kuoa wanawake wengi. Lakini alifanyaje? Ng'ombe walitoka zizini mchana, mbele ya macho ya watu. Kasiksi ilinywewa. Wazee wa jamaa mbili walikuwa mashahidi. Kila bibi alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na kila mtoto alijua baba yake na ukoo wake. Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa matamu kwa wanawake. Wivu ulikuwapo, machozi yalikuwapo, na hatuombi wake wengi warudi. Tunasema tu kwamba jambo lilifanywa wazi, na mtu aliyefanya wazi alibeba mzigo wake.

Siri ilipata nguvu nyuma. Serikali ya Wabelgiji ilianza kutoza kodi ya ziada kwa mwanaume mwenye wanawake wengi. Kisha dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi, kuanzia tarehe 1 Januari 1951. Padri na pasta nao walikataza. Sheria ilikata ndoa, lakini haikukata tamaa. Mwanaume aliyetaka bibi wa pili hakutoa tena ng'ombe, hakuita tena wazee: alilipa kodi ya chumba, akanyamaza. Kwa hiyo anayetuambia leo kwamba deuxième bureau ni mila ya mababu, anatuuzia kitu cha mjini katika mufuko wa kijijini. Alichukua raha ya mila, akaacha deni lake.

Na hao waliohubiri bibi mmoja, je, nyumba zao zilikuwa safi? Wanaume Wabelgiji walizaa na mama zetu, na wengi hawakuwatambua watoto wao. Serikali yao iliwatoa watoto hao wa mchanganyiko mikononi mwa mama zao, ikawaweka katika misioni, kama Save kule Rwanda na Katende kule Kasai. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri wa kwanza Charles Michel aliomba musamaha mbele ya bunge la Ubelgiji. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufani ya Brussels iliamua kwamba kuchukuliwa kwa wanawake watano, walipokuwa watoto wadogo, kulikuwa uhalifu dhidi ya utu, na kila mmoja alipwe euro elfu 50. Walikuwa wamekwisha kuwa mabibi wazee. Feza inaweza kulipa mengi, lakini hairudishi utoto wa mtu pembeni ya mama yake.

Tunafurahi juu ya hukumu ile, na tuna haki ya kufurahi. Kosa la dola lililochagua watoto kwa rangi ya ngozi halilingani na kosa la baba mmoja. Lakini tusijifiche nyuma ya ukubwa wa kosa la wengine. Baba wa Bukavu anayeacha mtoto ngambo bila jina, bila karatasi, bila shangazi wa kumtambua, naye anatengeneza mtu atakayezeeka akiuliza: «Mimi ni wa nani?»

Kuna wanaotujibu: «Kumwambia bibi ni kuvunja nyumba. Kunyamaza ni kumuhurumia.» Basi tuhesabu, tuone nani anahurumiwa. Kodi ya Familia ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi, wale wa ndoa sawasawa na wale wa inje, lakini hao wa inje ni lazima baba awe aliwatambua akiwa mzima. Robo inayobaki inagawanyiwa mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mjane ana haki pia ya kutumia nyumba aliyokuwa akikaa na bwana wake. Tena sheria inataka mtoto wa inje atambuliwe katika miezi 12 baada ya kuzaliwa.

Sasa weka siri ndani ya hesabu hiyo. Mtoto asiyetambuliwa anafika na picha moja na namba ya simu ya marehemu: hana kitu. Mjane, aliyefikiri watoto wake ni wanne, anasikia ni saba: hajui tena amwamini nani. Wanawake hao wawili wanatukanana, mmoja anamuita mwenzake mchawi. Na wakati wanapigana, mashemeji wanapita nyuma na karatasi za parcelle. Mara ngapi tumeona mambo kama hayo? Siri haimlindi mjane, haimlindi mtoto. Inawalinda wale wanaongojea nyumba. Halafu wanasimama na kusema kwamba ndiyo mila!

Na wakati huu hatari imezidi. Tangu vita vilipofika Bukavu katika Februari 2025, jamaa nyingi zilitawanyika, na maelfu ya watu walikimbilia Burundi. Mtu anaweza kufa mbali, akazikwa na watu wasiomjua, na yote aliyoyaficha yakabaki bila ufunguo. Zamani mzee aliweza kungoja kitanda cha kufa ili aite watoto na kuwaambia. Leo nani anajua kama atapata kitanda?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja lililo geni kwa mababu. Kwanza, mwanaume aliyezaa inje aseme mbele ya wazee wa ukoo wake na mbele ya bibi yake, angali na nguvu za kuulizwa na kujibu. Itauma. Bibi ana haki ya kukasirika, na hasira yake ni sehemu ya deni. Pili, aende kwa ofisi ya hali ya raia, amuandikishe na kumtambua mtoto, maana neno la wazee bila karatasi halishindi mbele ya tribinali. Tatu, wazee wanaojua siri wasijifanye viziwi. Shangazi aliyepeleka unga wa muhogo na sabuni kwa ile nyumba ya pili, akaja kula mezani kwa bibi wa kwanza akicheka, yeye pia ni mwenye kosa.

Na ninyi mama, musione haya kuuliza. Kuuliza watoto wa bwana wako ni wangapi si kukosa adabu, ni kulinda wa kwako na wa mwenzako. Yule mwanamke wa ngambo, mara nyingi, naye aliambiwa kwamba wewe hauko.