Kile kisanduku cha juu si cha kuandika "facebook" tu

Haya ndugu zangu, leo naomba tuangalie juu. Juu kabisa ya kivinjari chako, pale penye kisanduku kirefu cha anwani. Wengi wetu tunaandika hapo neno "facebook" au "kra", tunabofya jibu la kwanza linaloletwa, basi, safari imeisha. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na maoni yangu ni haya: hakuna kitu cha kuchezea kizuri kama hicho ndani ya kompyuta nzima. Hakilipiwi, hakihitaji ruhusa ya mtu, na mtu aliyezoea kukichezea ni vigumu kumtapeli. Ndiyo maana kila nikisikia kampuni ya vivinjari inataka kukificha, nakunja uso.

Tuanze nyumbani. Mgeni akiuliza kwa nini mtaa wetu unaitwa Githurai 45, jibu ni fupi: ni nambari ya basi. Kuna Githurai 44 upande wa Nairobi, na kuna sisi wa 45 upande wa Ruiru, kaunti ya Kiambu. Nambari ya kwenye kioo cha matatu ndiyo iliyogeuka jina la mahali. Ukisoma vibaya tarakimu moja kule mjini, unashushwa ng'ambo. Anwani ya intaneti ni vivyo hivyo. Neno la kwanza, lile linalokaa kabla ya nuktambili, ndiyo nambari ya matatu: linakiambia kivinjari kipite njia gani. Wengi tunaijua njia moja tu, https. Lakini kwenye stendi hii magari ni mengi. Twende tukapande mawili matatu.

Gari la kwanza: data:

Ukiwa kwenye kompyuta, fungua kichupo kipya, andika hivi kwenye kisanduku cha anwani kisha ubonyeze Enter:

data:text/html,<html contenteditable>

Umepata ukurasa mweupe. Bofya ndani, anza kuandika. Ndiyo, kivinjari kimekuwa daftari! Mtengenezaji programu Jose Aguinaga alipouweka mstari huu hadharani mwaka 2013 ulizunguka dunia nzima, na mpaka leo unafanya kazi. Sasa tuufanye wa Githurai. Mama mboga anataka ubao wa bei:

data:text/html,<body contenteditable style="font-size:60px;background:gold">Nyanya 10, Sukuma 20

Badilisha gold iwe pink. Badilisha 60 iwe 120. Umeona? Hapo umeshaandika HTML, na hujasakinisha chochote wala hujajiandikisha popote. Tena hujala bando hata kidogo, kwa sababu ukurasa wote umo ndani ya anwani yenyewe. Kivinjari hakijatoka kwenda kokote. Zima intaneti ujaribu tena kama huniamini. Tahadhari ni mbili tu: usiweke alama ya reli (#) katikati, maana kivinjari hukata ukurasa hapo, na ukifunga kichupo maandishi uliyoongeza yanapotea.

Anwani za data: ziliandikiwa kanuni yake Agosti 1998, katika waraka unaoitwa RFC 2397. Mwandishi ni Larry Masinter. Sasa cheka kidogo: miezi minne kabla, Aprili 1, 1998, Siku ya Wajinga, bwana huyo huyo alitoa waraka mwingine, RFC 2324, unaoeleza kwa uso mkavu jinsi ya kuendesha mitungi ya kahawa kupitia intaneti. Ulikuwa na anwani zake zinazoanza na coffee: na ujumbe wa kosa nambari 418, ambao birika la chai linatakiwa kuujibu likiambiwa lichemshe kahawa. Sisi tuliozungukwa na Kahawa West, Kahawa Wendani na Kahawa Sukari ndio tuliostahili kuijaribu wa kwanza! Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaodhani mchezo na kazi ni vitu viwili. Mzaha na kanuni ya maana vilitoka kichwa kimoja, mwaka mmoja.

Gari la pili: javascript:

Hapa mchezo unaanza kuwa na faida mfukoni. Fungua tovuti yoyote ya habari ukitumia Chrome kwenye kompyuta, kisha andika kwa vidole vyako mwenyewe, bila kunakili na kubandika:

javascript:document.body.contentEditable='true';void 0

Sasa bofya kichwa cha habari chochote, ukifute, uandike kwamba umeteuliwa kuwa waziri. Kwenye kurasa nyingi inakubali. Usiogope, hujaivunja tovuti ya mtu. Umebadilisha nakala iliyo kwenye skrini yako tu; pakia ukurasa upya na kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Haya, sasa tafakari. Mteja amechukua mzigo sokoni, anakuonyesha picha ya skrini: "Malipo yamekamilika, shilingi 15,000." Ukurasa una nembo ya benki, una rangi za benki, una tarehe ya leo. Wewe uliyejiteua waziri dakika moja iliyopita unajua picha hiyo ina thamani gani. Haina. Mtoto wa Gredi ya 8 anaitengeneza huku anatafuna njugu. Kwa hiyo hutasema "asante", utasema "ngoja niangalie salio langu." Somo hilo unaweza kulihubiri kwa mabango mwaka mzima na watu wasikusikie, lakini mtu aliyebadilisha ukurasa mara moja kwa mkono wake halisahau. (Na ukitaka kuutumia mchezo huu kumwibia mtu, kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018. Mimi simo.)

Magari mengine

Yapo mengi, nitaje machache:

1. chrome://dino – yule dinosaria anayeruka mikakati bando likiisha. Amekuwamo ndani ya Chrome tangu 2014, na kwa anwani hii unamwita hata intaneti ikiwapo.
2. about:mozilla – kwa wenye Firefox. Sisemi kuna nini, nenda ukaone.
3. docs.new – Google waliileta mwaka 2018. Unaandika herufi hizo na hati mpya inafunguka papo hapo, mradi una akaunti.
4. view-source: – iweke mbele ya anwani ya ukurasa wowote, uone msimbo wake. Mimi nawaambia wanaoanza: hiki ndicho kitabu cha bure.
5. URL Snake ya Demian Ferreiro – mchezo wa nyoka, ule wa simu za Nokia, lakini nyoka anatembea ndani ya kisanduku cha anwani chenyewe, amechorwa kwa vidoto vya maandishi ya Braille.
6. Itty Bitty ya Nicholas Jitkoff, 2018 – inakunja ukurasa mzima na kuuweka ndani ya kiungo, baada ya alama ya reli. Sehemu hiyo ya anwani kivinjari hakiipeleki kwa seva, kwa hiyo mwenye tovuti haoni ulichoandika.

Kuna atakayesema, "Bwana, haya ni ya watu wasio na kazi." Sawa. Basi tuje kwenye kazi.

Kusoma nambari ya matatu

Kila mwaka mwezi wa Juni, saiba za hapa hujaa watu wanaokimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru. Wengine wanafuata vyeti na leseni kwenye eCitizen. Mhudumu wa saiba anaandika jina kwenye kisanduku, anabofya jibu la kwanza, mteja anatoa nambari ya kitambulisho na nywila yake. Nani ameangalia anwani? Mara nyingi hakuna.

Tazama anwani hizi mbili. Jina example.com limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo hatumsingizii mtu:

https://ecitizen.go.ke.example.com/ingia
https://ecitizen.go.ke@example.com/ingia

Zote mbili zinaonekana za serikali. Zote mbili haziendi serikalini, zinakwenda example.com. Ya kwanza, kwa sababu jina la tovuti husomwa kutoka kulia: tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha rudi nyuma kushoto. Kilicho karibu na mkwaju huo ndicho mwenye nyumba. Vya mbele yake ni mapambo. Ya pili, kwa sababu kila kinachotangulia alama ya @ ni jina la mtumiaji, si jina la tovuti. Kwa Kenya, mwisho wa .go.ke ni wa taasisi za serikali. Kwa hiyo baada ya .go.ke kukija nukta nyingine, au @, shuka kwenye gari hilo haraka.

Sasa mnaona kwa nini nang'ang'ania kisanduku hiki. Chrome 86, mwaka 2020, ilijaribu kwa baadhi ya watumiaji kuficha anwani nzima na kuacha jina la tovuti peke yake. Hoja yao haikuwa ya kijinga: watu hawasomi anwani ndefu, kwa hiyo waonyeshwe kile kipande chenye maana. Juni 2021 wakaliacha jaribio, kwa sababu halikuwa limesaidia usalama walivyotarajia. Mimi sikushangaa. Ukimfutia abiria nambari zote za magari ukamwachia rangi tu, hujamfundisha kupanda gari.

Sisemi vivinjari visizuie lolote. Matapeli walipoanza kutumia data: kutengeneza kurasa bandia za kuingilia Gmail, Chrome mwaka 2017 na Firefox mwaka 2018 walizuia kurasa kukurusha kwenye anwani za aina hiyo. Lakini wewe ukiandika mwenyewe, inafunguka. Vivyo hivyo Chrome hulinyofoa neno javascript: ukilibandika, ili mtu asikutumie kipande cha msimbo cha kuiba akaunti yako, ukiliandika kwa mkono, linakubali. Huo ndio ufundi ninaousifu: umefungwa mlango wa mwizi, mwenye nyumba kabakishiwa ufunguo. Firefox walikaza zaidi: tangu toleo la 6, mwaka 2011, msimbo wa kuandikwa kwenye anwani haugusi tena ukurasa uliofunguliwa, na inabidi uuhifadhi kwanza kama alamisho. Hapo kwangu wamezidisha kidogo, lakini angalau njia ipo.

Kinachonisumbua zaidi ni simu, kwa sababu huko ndiko tulikojaa. Bofya kiungo ndani ya Facebook: ukurasa unafunguka humo humo, jina la tovuti liko juu lakini huwezi kuligusa uandike lako. Kizazi kizima kinakulia ndani ya intaneti isiyo na mahali pa kuandika. Mtoto anajua kupepeta video, hajui kwamba ukurasa ni maandishi ambayo hata yeye anaweza kuyaandika. Mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kufundisha programu shuleni, na ni jambo jema, lakini tusisubiri maabara. Kompyuta kuukuu ya saiba, isiyo na intaneti, ina kila kinachohitajika kwa somo la kwanza.

Ombi langu kwa wenye saiba ni dogo: andikeni mistari miwili kwenye karatasi, mbandike ukutani juu ya skrini. Mmoja wa daftari, ule wa data:, wa kuchezea mteja akisubiri printa. Wa pili useme: "Soma jina kutoka kwenye mkwaju, ukirudi kushoto." Wa kwanza utawafanya wakizoee kisanduku. Wa pili utawalinda.

Kwa leo ni hayo. Kama umefika hapa na hujaandika chochote pale juu, basi angalau hii moja, kisha mwite jirani aone:

data:text/html,<marquee style="font-size:90px">Githurai 45! Wawili wa mwisho, twende!