Barua ya Karani: Farasi wa Babu

Juma hili nawauliza neno dogo: ukutani kwenu, juu ya kitanda cha babu au nyuma ya mlango, mmebandika karatasi gani? Hapa Matema kuta nyingi za udongo zimevikwa kalenda za zamani na magazeti. Ni pambo, tena huziba nyufa. Mimi siwacheki, maana niliyoyatenda kwa karatasi ni mabaya zaidi, kama mtakavyosikia.

Mwaka jana, Jumamosi ya soko la vyungu, mgeni mmoja Mjapani alikimbilia ofisini kwetu kujikinga na mvua. Alikuwa amenunua vyungu viwili vya Wakisi, akavipakata kama watoto. Mvua za Kyela mwazijua. Haikukatika upesi, basi tukazungumza. Akanieleza kwamba baba yake hukusanya matangazo ya sinema za zamani za kwao, yale yaliyobandikwa nje ya nyumba za sinema. Nikacheka. Akasema karatasi moja iliyo adimu huweza kuuzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa. Hapo nikaacha kucheka.

Mwaka 1954 Wajapani walitoa sinema mbili zilizovuma duniani: Godzilla, habari za dude kubwa litokalo baharini, na ile ya Akira Kurosawa iitwayo Samurai Saba. Hii ya pili yatuhusu sana sisi wakulima. Wanakijiji wanaonyang'anywa mavuno yao wanawaajiri mashujaa saba wa upanga, na ujira wao ni wali tu, huku wenyewe wakila mtama. (Watu wa Kyela, hebu pimeni uchungu huo!) Mwaka 1960 Wamarekani waliichukua hadithi hiyohiyo, wakawaweka makauboi mahali pa samurai.

Matangazo yale, kwa kipimo cha kawaida, yalikuwa na urefu wa sentimeta 72.8 na upana wa 51.5. Yalichapwa kwa kazi ya siku chache. Sinema ikiondoka, tangazo lilibanduliwa likatupwa. Ndiyo sababu yaliyobaki ni machache. Tena mkusanyaji sharti awe na macho. Sinema iliyopendwa ilirudishwa baada ya miaka, na matangazo mapya yakachapwa. La marudio halina thamani ya lile la kwanza. Hutazama pia mikunjo, matundu ya misumari, na rangi iliyopauka kwa jua.

Mgeni alipokwenda zake, nilikaa nikimfikiri marehemu babu yangu.

Babu alikuwa mmoja wa vijana wa huku waliokwenda Johannesburg kuchimba dhahabu, kwa mkataba wa Wenela, kabla ya Uhuru wa 1961. Katika kambi za migodi wachimbaji walionyeshwa sinema, desturi iliyokuwako tangu miaka ya 1920. Alirudi na sanduku la bati, mablanketi mawili, na tangazo moja lenye picha ya kauboi juu ya farasi mweupe. Alilitunza sandukuni zaidi ya miaka arobaini, mchwa wasilione. Siku ya Noeli alilitandika kitandani, akatusimulia sinema nzima, na milio ya bunduki akaitoa mwenyewe kwa mdomo.

Mwaka 2001 nilikuwa darasa la nne. Tuliagizwa kufunika madaftari, na karatasi ngumu nyumbani haikuwapo. Nikafungua sanduku. Nikachukua mkasi. Yakatosha madaftari matatu.

Babu hakunipiga, ingawa nilitazamia fimbo. Alilishika daftari la hesabu, akaligeuza huku na huku, akauliza, "Na kichwa cha farasi kiko wapi?" Kilikuwa kwenye daftari la sayansi, nalo lilikwisha kulowa mvua njiani. Jina la sinema lilikuwa juu kabisa, kwenye ukingo nilioukata nikautupa motoni. Babu alifariki mwaka 2006, wala nyumbani hakuna alijuaye jina lile.

Basi, aliye na karatasi ya namna hiyo asiitie gundi wala selotepu. Ailaze bapa ndani ya bati kavu, mbali na jua na moshi wa jikoni, na nyuma aandike kwa penseli ililetwa na nani, kutoka wapi, mwaka gani. Wala msiyadharau matangazo ya juzi. Yale ya filamu za Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, yalijaa kwenye vibanda vya video. Mtafute leo moja zima mwone kazi.

Mimi ninayo miguu minne ya farasi mweupe, juu ya hesabu za kugawanya. Iko kabatini, pamoja na vitabu vya ubatizo. Kama babu yako naye alikwenda Johannesburg, na yu hai, mwulize kesho asubuhi ni sinema gani za makauboi alizoziona kambini, uniandikie majina yake.