Google ikishuka, Kongo ya mashariki isihesabu asilimia tu

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu akiuliza ni kampuni gani inaongoza katika kutafuta habari kwenye intaneti, jibu lilikuwa moja: Google. Sasa jibu hilo limeanza kutikisika. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2024, takwimu za StatCounter zilionyesha kwamba sehemu ya Google katika soko la dunia imeshuka chini ya asilimia 90, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu mwaka 2015. Mwezi Mei 2025, Eddy Cue, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Apple, aliambia mahakama mjini Washington kwamba utafutaji unaopitia kivinjari cha Safari ulipungua mwezi Aprili, kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google, zilianguka kwa zaidi ya asilimia 7. Google ilijibu kwamba kwa jumla maswali inayoulizwa bado yanaongezeka.

Tangu hapo watabiri wamekuwa wengi. Tayari mwezi Februari 2024, kampuni ya Gartner ilitangaza kwamba kufikia mwaka 2026 utafutaji wa kawaida utapungua kwa asilimia 25 kwa sababu ya akili bandia. Wengine wanasema Google haitaondoka kwenye kiti chake.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo, mjadala huu unaweza kuonekana kama ugomvi wa matajiri wa California. Lakini unamgusa, tena karibu sana, ila kwa upande ambao watabiri hawauzungumzii. Yeye hana faida kujua nani atachukua asilimia ngapi. Anachopaswa kuangalia ni kama jibu atakalopewa kesho bado litamwonyesha limetoka kwa nani, lini na wapi.

Historia ya soko hili inafundisha jambo moja: mashine bora peke yake haitoshi. Ni kweli kwamba zamani ilitosha. AltaVista, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1995, ilikuwa maarufu sana, kisha Google ya Larry Page na Sergey Brin ikaja mwaka 1998 na majibu mazuri zaidi. Watu wakahama wenyewe. AltaVista ilifungwa kabisa mwaka 2013.

Lakini baada ya hapo mambo yalibadilika. Microsoft ilianzisha Bing mwaka 2009. Februari 2023 iliingiza ndani yake teknolojia ya kampuni iliyotengeneza ChatGPT, na mkubwa wake Satya Nadella akasema anataka watu wajue kwamba wao ndio waliomchezesha Google ngoma. Magazeti mengi yaliandika kwamba mwisho wa Google umekaribia. Mwaka mmoja baadaye, Bing ilikuwa bado kati ya asilimia 3 na 4 za soko la dunia.

Kwa nini? Kwa sababu watu wengi hawachagui injini ya utafutaji. Wanatumia ile waliyoikuta ndani ya simu. Mwishoni mwa mwaka 2014, kivinjari cha Firefox kiliweka Yahoo mahali pa Google kwa watumiaji wa Marekani. Ndani ya wiki chache sehemu ya Yahoo nchini humo ilipanda, ingawa Yahoo haikuwa imegeuka kuwa bora kwa usiku mmoja. Mlango tu ndio uliobadilishwa.

Google yenyewe inaujua ukweli huu kuliko wote. Katika kesi iliyofunguliwa na serikali ya Marekani, ilijulikana kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26,3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari vya kampuni nyingine. Tarehe 5 Agosti 2024, jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake. Septemba 2025 alikataza mikataba inayofungia wengine nje na akaamuru Google igawane sehemu ya data zake na washindani. Hata hivyo hakuilazimisha kuuza kivinjari cha Chrome, wala hakuikataza kuendelea kulipa ili iwekwe mbele.

Kwa hiyo anayetaka kutabiri mambo ya Kongo ya mashariki asiangalie Bing. Aangalie mlango. Simu nyingi zinazouzwa sokoni Virunga ao Kadutu ni za Android, na Google imo ndani tangu kiwandani. Hilo halitabadilika haraka. Lakini wakaaji wengi wanaponunua mega, wanazitumia kwanza kwa WhatsApp na Facebook, tena kuna vifurushi vinavyofungua mitandao hiyo peke yake kwa bei ndogo kuliko intaneti yote. Na tangu Aprili 2024, Meta, mwenye WhatsApp, ilianza kuweka msaidizi wa akili bandia ndani ya programu zake katika nchi kadhaa za Afrika, jirani yetu Uganda ikiwemo. Mtu akiweza kuuliza swali palepale anapozungumza na ndugu zake, bila kufungua ukurasa mwingine na bila kumaliza mega, kwa nini aende Google? Mabadiliko yakifika huku, yana nafasi kubwa ya kupitia mlango huo. Takwimu za injini za utafutaji hazitayaona, kwa kuwa hazihesabu maswali yanayoulizwa ndani ya WhatsApp.

Google nayo haijakaa bure. Tangu Mei 2024, ikianzia Marekani, inaweka jibu lililotungwa na akili bandia juu ya orodha ya tovuti. Taasisi ya Pew ilichunguza tabia ya watumiaji wa Marekani mwezi Machi 2025. Ilikuta kwamba pale muhtasari huo unapoonekana, watu wanabofya tovuti katika asilimia 8 tu ya utafutaji, wakati usipoonekana wanabofya katika asilimia 15. Hii inamaanisha kwamba hata Google ikibaki na asilimia zake zote, njia iliyokuwa inampeleka msomaji mpaka kwa mwandishi inazidi kuwa nyembamba.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa mashariki ya Kongo. Sehemu hii imeishi na vita kwa miaka mingi, na watu wake wamejifunza kupima habari kwa kuuliza kwanza: nani amesema? Tangazo la barabara kufunguliwa lina uzito mmoja likitoka kwa shirika la madereva, na uzito mwingine likitoka kwa msemaji wa kundi lenye silaha. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi Februari, habari ya asubuhi ilikuwa imezeeka jioni. Mashine inayochanganya maandishi ya siku mbalimbali na kutoa jibu moja lenye sauti moja inaondoa alama ambazo raia anazitumia ili kujilinda.

Mfano wa afya uko wazi zaidi. Aina ya mpox inayoitwa 1b iligunduliwa Kamituga, katika Kivu ya Kusini, kufuatia mlipuko ulioanza mwaka 2023. Si ile iliyosambaa Ulaya na Marekani mwaka 2022. Lakini maandishi ya 2022 ni mengi mno kwenye intaneti, hasa kwa Kiingereza. Mama wa Kamituga akiuliza dalili za mtoto wake, anaweza kupewa maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya aina nyingine ya ugonjwa huo, watu wengine na mwaka mwingine. Kama jibu halina tarehe wala jina, atajuaje?

Kuna pia jambo la lugha. Kiswahili kinachojaa kwenye intaneti ni cha Tanzania na Kenya. Mkulima wa Walungu anayeuliza kuhusu wadudu wa lengalenga, ao mpishi anayetafuta namna ya kuandaa sombe, anaweza kukosa jibu, kwa sababu mashine imesoma zaidi mchicha na kisamvu. Kadiri tovuti za huku zinavyokosa wasomaji na matangazo, ndivyo zinavyoandika kidogo. Na zikiandika kidogo, mashine itazidi kutojua Kiswahili cha huku wala mambo ya huku.

Haifai kusema kwamba mashine hizi hazina faida. Mwanafunzi asiye na mega za kufungua kurasa kumi anapata jibu moja kwa haraka. Asiyesoma vizuri Kifaransa anaweza kuelezwa kwa Kiswahili barua ya ofisi ao karatasi ya dawa. Hizo ni faida za kweli, na atakayewaambia watu waache kutumia hatasikilizwa. Kinachotakiwa ni kudai masharti.

Nchi nyingine za Afrika zimekwisha anza kudai. Februari 2025, ripoti ya awali ya Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilipendekeza Google ivilipe vyombo vya habari vya nchi hiyo kati ya randi milioni 300 na 500 kila mwaka. Kongo ina sheria yake ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023. Kinshasa inaweza kuanzia kwa dai dogo kuliko la pesa: kampuni yoyote inayotoa majibu ya akili bandia kwa Wakongomani ionyeshe chanzo na tarehe ya kila jibu linalohusu usalama, afya na uchaguzi. Makampuni ya simu nayo yaulizwe kwa nini mkaaji anafunguliwa mtandao wa Facebook kwa bei ndogo, wakati tovuti ya redio ya mji wake inamgharimu zaidi.

Vyombo vya habari vya mashariki navyo vina kazi yao. Habari isiyo na tarehe, mahali wala jina la aliyeiandika inaisaidia mashine kukosea. Tovuti nyingi za Kivu na Ituri zinanakiliana bila kutaja aliyeandika kwanza, kisha zinalalamika kwamba akili bandia inawaibia. Ni vigumu kudai haki ambayo wewe mwenyewe humpi jirani yako.

Watabiri wataendelea kuhesabu asilimia, na wengine watakosea kama walivyokosea kuhusu Bing. Huku mashariki, mtu atakayeuliza simu yake kesho asubuhi kama barabara ya Sake inapitika anahitaji kuona chini ya jibu nani amesema hivyo, na saa ngapi. Asipoona, afadhali ampigie simu dereva mmoja kabla ya kuanza safari.