Bundi wa Dohani Asifukuzwe kwa Moto

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kuota moto katika nyanda zetu za juu. Kuanzia Limuru hadi Molo, na kutoka Kericho hadi Eldoret, zingalipo nyumba za mawe zilizojengwa na walowezi enzi za ukoloni, zenye meko sebuleni na dohani juu ya paa. Baadhi yazo leo ni makao ya walimu na ofisi za shule. Dohani isiyopitisha moshi kwa miezi mingi huwa sawa na pango: ina giza, ina utulivu, na mdomo wake u wazi. Si ajabu basi kwamba bundi, popo na nyuki huiona kuwa makao mema.

Linalonisikitisha ni jinsi tunavyowatendea wageni hawa. Sauti ya ajabu husikika usiku ukutani, na kulipokucha mlinzi huagizwa awashe nyasi mbichi mekoni ili moshi umfukuze “mchawi”. Katika shule moja niliyowahi kufunza, moto wa namna hiyo uliwashwa adhuhuri, wanafunzi wakitazama. Bundi jike aliruka akaenda zake. Makinda wanne, ambao mbawa zao zilikuwa hazijakomaa, walianguka mmoja baada ya mwingine katika makaa. Wapo wanafunzi waliocheka na wapo waliolia. Nilisema siku hiyo, na nasema tena leo, kwamba ule ulikuwa ukatili, tena ulikuwa ujinga.

Ulikuwa ujinga kwa sababu dohani iliyozibwa si mahali pa kuwashia moto. Vijiti, nyasi kavu na manyoya yaliyorundikana humo huweza kushika moto na kuunguza paa zima. Isitoshe, moshi unaokosa njia hurudi chumbani pamoja na hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na humuua mtu akiwa usingizini. Anayemtilia bundi moshi aweza kuwatilia sumu watoto wake mwenyewe.

Najua watakaonijibu kwamba bundi ni mkosi, na kwamba akilia juu ya nyumba pana mtu atakayefariki. Imani hiyo imeenea katika jamii zetu nyingi, nami siwadharau wazee walioirithi. Hata hivyo, shule ni mahali pa kuuliza sababu. Bundi aingiaye majumbani aghalabu ni yule mweupe-mweupe, mwenye uso wa umbo la moyo. Makinda wake, wanapodai chakula, hutoa sauti kama ya mtu akoromaye. Manyoya yake laini humwezesha kuruka bila kusikika. Mkoromo usio na mkoromaji na kivuli kisicho na kishindo vyatosha kumtia mtu hofu, lakini havitoshi kuwa uchawi.

Tena tuangalie kazi yake. Bundi mmoja aweza kula panya watatu au wanne kwa usiku mmoja, na anapolea makinda huwinda wengi zaidi. Shule nyingi huhifadhi magunia ya mahindi na maharagwe ghalani. Shule hizo humfukuza bundi, kisha muhula unaofuata hutumia fedha za wazazi kununua sumu ya panya. Baadaye bundi mwingine hula panya aliyekula sumu, naye hufa. Hivyo tunamuua mlinzi wa ghala mara mbili.

Sisemi kwamba watu wakae na ndege sebuleni. Nyumba ni ya binadamu, na dohani ni ya moshi. Ninachodai ni kwamba kila jambo lifanywe kwa wakati wake. Bundi huyu hutaga mayai manne hadi saba, huyaatamia kwa takribani mwezi mmoja, na makinda huanza kuruka wakiwa na umri wa wiki nane hivi. Mayai huanguliwa kwa siku tofauti, hivyo yafaa kumngoja hata kitinda mimba. Ngoja hiyo ni ya miezi mitatu au minne tu. Wakiisha kuondoka, dohani isafishwe, kisha fundi aifunike kwa kofia ya bati na wavu wa waya wenye matundu yanayopitisha moshi pasipo kupitisha ndege. Wavu huo nao usafishwe mara kwa mara, kwani masizi huuziba.

Ndege akianguka mekoni kwa bahati mbaya, funga milango ya ndani, tia chumba giza, na uache dirisha moja wazi. Atafuata mwanga na kwenda zake. Popo asishikwe kwa mikono mitupu, maana aweza kuwa na ugonjwa wa kichaa. Nyuki waachiwe mfugaji wa nyuki. Na pale ambapo mambo yamezidi uwezo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lipo, nayo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu kila mtu kuwatendea viumbe hao apendavyo.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi atende na achunguze, si akariri tu. Chini ya kiota cha bundi hupatikana madonge ya manyoya na mifupa anayoyatapika baada ya kula. Liloweke donge moja majini, valisha wanafunzi glavu, na uwaache wahesabu mafuvu ya panya kwa macho yao. Somo hilo litapunguza hofu kuliko hotuba kumi. Nanyi wanafunzi, mkienda likizo, waulizeni wazazi kama dohani ya nyumbani ina wavu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wavu wa waya hugharimu fedha kidogo. Paa lililoungua ni gharama kubwa, na uhai wa mtoto hauna bei.