Nyumba za Watumishi Zigawiwe kwa Kura ya Hadharani

Kila mwaka walimu na watumishi wapya hupangiwa vituo vya kazi katika Masasi na Newala, na swali lao la kwanza baada ya kuripoti kwa Afisa Utumishi huwa ni moja tu: nitalala wapi? Aliye na mtu wake ofisini huonyeshwa nyumba ya kota. Asiye na mtu huonyeshwa dalali. Nia ya makala haya ni kuzishauri halmashauri zetu ziache kugawa nyumba hizo chache katika vikao vya faragha, na badala yake zizigawe kwa kura ya hadharani, mbele ya macho ya waombaji wenyewe.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufundisha katika kituo kimoja cha huko juu uwandani. Siku aliyofika aliambiwa kwamba nyumba hakuna. Nyuma ya shule zilikuwapo nyumba tatu. Ya kwanza aliishi mkuu wa shule, na hiyo ilikuwa haki yake. Ya pili ilikuwa imejaa mifuko ya saruji iliyokwisha kuganda. Ya tatu ilikuwa na kufuli, na ufunguo wake alikuwa nao mtumishi aliyehamishwa miaka miwili nyuma. Ndugu yake ndiye aliyekuwa akimpangisha mfanyabiashara humo na kupokea kodi. Nikapata chumba katika nyumba ya mkulima wa korosho, mzee mwungwana aliyenipa hata kigoda cha kukalia. Lakini msimu wa korosho ulipowadia na watoto wake wakarudi kuvuna, ilinibidi nihamie stoo, nikasahihisha madaftari ya mtihani juu ya gunia. Maji nilinunua kwa ndoo, kwa maana anayeujua uwanda wa Makonde anajua kuwa maji yake hupandishwa kutoka bondeni, na siku mashine inapogoma bei ya ndoo haimwulizi mtu mshahara wake.

Sikumlaumu mzee yule wala simlaumu leo. Nyumba ni yake. Ninachouliza ni kwa nini nyumba iliyojengwa kwa fedha za umma ilikaa mikononi mwa mtu ambaye hata katika wilaya ile hakuwamo tena.

Uhaba huu una historia yake. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, ili mwananchi wa kipato cha chini apate mahali pa kukaa. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kuyatwaa majengo ya kupangisha, na Msajili wa Majumba akakabidhiwa kuyasimamia hadi mwaka 1990, kazi hiyo ilipounganishwa na ya Shirika. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliziuza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Waliobahatika kuwamo wakati huo walijipatia mali, na waliokuja nyuma yao wakakuta geti limefungwa. Mwaka 2005 ikafutwa sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango, na tangu hapo mwenye nyumba hutaja bei aitakayo na idadi ya miezi aitakayo kulipwa kwanza. Mwalimu anayeanza kazi, ambaye posho yake ya kujikimu mara nyingine hufika baada yake, atazipata wapi fedha za miezi sita kwa mkupuo?

Ni kweli kwamba zimejengwa nyumba mpya. Shirika la Nyumba lilifika hata Masasi na nyumba zake zinazoitwa za gharama nafuu, na katika vijiji kadhaa zimejengwa nyumba za watumishi, tatu kwa moja. Tunashukuru. Hata hivyo nyumba tatu kwa waombaji ishirini ni nyumba tatu, na hapo ndipo penye ugomvi: ni nani aingie?

Hivi sasa anayeamua ni kamati. Siwatuhumu wajumbe wote kwa rushwa. Wengi wao ni watu waadilifu. Lakini kamati inayokaa faraghani, isiyobandika orodha wala kueleza sababu, hata ikitenda haki haitaaminiwa. Mwalimu aliyekosa nyumba ataamini kwamba amekosa kwa kuwa hakujua mlango wa kubisha. Ataanza kuutafuta mlango huo, na asipoupata ataandika barua ya kuomba uhamisho. Watoto wa Newala watabaki bila mwalimu wa hesabu kwa sababu ya kufuli moja.

Nimesikia wakubwa wawili watatu wakisema kwamba kura ni kamari, na kwamba Serikali haiwezi kuendesha mambo yake kama bahati nasibu. Ndugu zangu hao wamesahau lugha yao. Neno kura, kabla ya kuwa karatasi ya kumchagua mbunge, lilikuwa na maana ya kile kinachotupwa ili watu wenye haki sawa wagawane kitu kisichowatosha. Ndugu hupigiana kura wanapogawana mashamba ya baba yao, na hakuna anayewaita wacheza kamari. Mcheza kamari hutoa fedha yake akitamani ya mwenzake. Mwalimu anayetia jina lake ndani ya debe hakutoa kitu, na anachokitaka ni paa tu.

Hatari ya kweli ya kura iko mahali pengine, na jirani zetu wa Ethiopia wametuonyesha. Mji wa Addis Ababa ulianza kujenga nyumba za ghorofa kwa wananchi wake katika mwaka 2004, na kwa kuwa walioandikishwa walikuwa mamia ya maelfu, nyumba hizo, ambazo ni za kununua kwa mkopo, zikawa zinatolewa kwa bahati nasibu, na sehemu ya asilimia 30 ikatengwa kwa wanawake. Mwezi wa Julai mwaka 2022 mji huo uliendesha kura ya nyumba zaidi ya 25,000 kwa kompyuta. Baada ya siku chache tu matokeo yakafutwa: iligundulika kwamba orodha iliyotiwa ndani ya mashine ilikuwa na majina ya watu wasiostahili, ambao hawakuwa wameweka akiba iliyotakiwa, na maofisa kadhaa wakakamatwa. Wizi ule haukufanyika wakati wa kuchagua namba. Ulifanyika kabla, katika orodha, pahali ambapo mwombaji hakuwa na jicho.

Kwa hiyo orodha kwanza, kura baadaye. Majina ya waombaji wote, vituo vyao na tarehe walizoripoti yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri na wa kila shule kwa siku kumi na nne, ili anayeona jina la mtu aliyekwisha kuhama aseme. Pamoja nayo ibandikwe orodha ya nyumba zenyewe, kila moja na hali yake na jina la anayeishi humo. Nathubutu kusema kwamba orodha hii ya pili peke yake italeta vioja, na huenda nyumba kadhaa zikapatikana kabla hata kura haijapigwa.

Mji wa New York, wenye utajiri usiokadirika, nao hugawa nyumba zake za kodi nafuu kwa kura. Mwombaji hupewa namba, na kila nyumba huwekewa kima cha juu na kima cha chini cha kipato, ili tajiri asiingie na maskini asishindwe kulipa. Kima cha juu tungekihitaji sana hapa. Afisa mwenye nyumba yake mjini Masasi, anayoipangisha kwa wanunuzi wa korosho kila Oktoba, hana sababu ya kuwania kota.

Wako watumishi ambao hawafai kuingizwa katika kura. Mkunga wa zahanati hawezi kuambiwa akae kilomita nane kwa sababu karatasi yake haikutoka. Mama mjamzito hasubiri. Yeye na mkuu wa shule nyumba zao ziambatane na kazi zao. Mwalimu wa kike aliyepangwa peke yake katika kijiji kisicho na chumba cha kupanga naye atangulizwe, na jambo hilo liandikwe katika kanuni badala ya kuachiwa huruma ya mtu. Waliobaki wote ni sawa. Atakayekosa mwaka huu mwakani jina lake litiwe mara mbili, na mwaka unaofuata mara tatu, ili bahati isimwonee mtu mmoja daima.

Kisha kuna suala la kilemba, ambalo wazee waliokaa Dar es Salaam wanalijua vizuri: mtu hupata nyumba ya shirika kwa kodi ndogo, huipangisha kwa mwingine kwa kodi kubwa, naye huondoka zake na tofauti. Kura haitaliondoa. Litaondolewa na Afisa Utumishi anayepita nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka, na kanuni inayosema kwamba aliyehamishwa hukabidhi ufunguo ndani ya siku thelathini, na asipokabidhi kufuli hukatwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Masasi na Newala kila moja ina halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya, kwa hiyo ziko nne za kuchagua mahali pa kuanzia. Haihitajiki bajeti wala mashine. Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza, waombaji wakutane katika uwanja wa shule, karatasi zihesabiwe kwa sauti zikitiwa ndani ya debe tupu, na mtoto wa darasa la pili aitwe aingize mkono. Jina likisomwa, mwenye jina akabidhiwe ufunguo palepale.